Mtihani wa Ngazi

12 Septemba
Jua la kuunguza. Leo mezani Mama alifuta mdomo, akakunja kitambaa chake, akasema mvua ya kwanza ikinyesha ataingia msituni peke yake. Kisha akaomba chumvi.

Mama ni mama mkwe wangu. Miaka yote amewinda na marehemu baba mkwe: kibali kimoja, paa mmoja, upinde mmoja, watu wawili. Baba mkwe alifariki kipindi cha baridi. Kibali cha msimu huu kimekuja na jina la Mama, na pa kuandika jina la mwenzake pako wazi.

"Mama, peke yako haiwezekani," mume wangu alisema. "Ukivunjika mguu huko, nani atajua?"

Mama alimtazama kama redio iliyojiwasha yenyewe. "Basi niletee mtu asiye na kelele."

Mume wangu ndiye mtoto wake wa pekee. Jina lake humu nyumbani ni Kishindo, na alipewa na mama yake mwenyewe. Sina la kuongeza.

14 Septemba
Jua. Nimeshona sare za shule hadi macho yakauma.

16 Septemba
Jua. Kishindo amejitolea kuwa mwenzake, na Mama amempa mtihani.

Nyumba yetu ina ngazi ya mbao inayotoka stoo ya juu hadi kwenye korido. Mtu anavaa kila kitu atakachokwenda nacho msituni, anashuka, anaruka mara mbili pale chini, anatoka nje. Mama anakaa chumbani mwake, mlango umefungwa, anasikiliza. Baba mkwe alikuwa akiufanya mtihani huo kila mwaka, na kuna miaka alifeli.

Kishindo alishuka. Hata mimi niliyekuwa kwenye cherehani chumba cha mbele nilisikia kabati la vyombo likitembea. Mlango wa Mama ukafunguka.

"Funguo, mfuko wa kulia. Zipu ya koti. Tochi inagonga kisu. Biskuti. Na unapumua kwa mdomo."

"Biskuti umezisikiaje?" Kishindo aliuliza.

"Zimevunjika ulipotua."

Akatoa paketi mfukoni. Ulikuwa unga. Nilicheka hadi nikaegemea ukuta, na hapo ndipo nilipojiponza.

"Wewe unayecheka," Mama alisema, "panda."

Nilishuka na mkoba wa Mama na koti la baba mkwe, peku, kwa sababu nikiwa kazini sivai viatu. Niliruka mara mbili. Kimya. Mama alichukua muda kufungua mlango.

"Pini," akasema. "Umezichomeka kwenye ukosi wa blauzi. Mbili zinagusana."

Niliinamisha kidevu. Mbili zilikuwa zinagusana. Sikujua nicheke au nimwamkie upya.

17 Septemba
Jua. Mama ameanza kuniita Fundi. Miaka yote minne nilikuwa "mke wa mwanangu", hata nikiwa nimekaa mbele yake.

20 Septemba
Jua, na upepo mkavu. Mama amenipeleka ukingoni mwa msitu, mahali njia ya magari inapoishia. Tulisimama tu. Akakanyaga jani moja, likapasuka kama kaukau za viazi.

"Unasikia? Sasa hivi msitu mzima ni mlinzi," alisema. "Paa anajua umefika kabla hujajua mwenyewe. Mvua ya kwanza ikinyesha majani yanalainika, tunapata siku chache za kutembea kama watu. Kabla ya hapo, ni kujisumbua."

Kwa hiyo tunangoja mvua. Nilisema "tunangoja" na yeye hakunisahihisha. Kishindo akaniambia jioni, "Mke wangu, nenda naye. Nitalala usingizi." Nami nataka kwenda, ila si kwa ajili ya usingizi wa mtu.

25 Septemba
Jua. Tumekwenda dukani kwa yule mwuza vifaa vya kambi. Nataka kuandika kila kitu, maana sijawahi kuona mtu akinunua namna ile.

Mwenye duka alitutolea koti lenye rangi za majani. Mama hakulitazama. Alichukua mkono wa koti, akauweka sikioni, akausugua kwa kidole gumba.

"Linaongea hili."

"Mama yangu, hili ndilo wanalonunua wawindaji wote."

"Ndiyo maana wanarudi na picha za miti."

Akajaribu suruali nane kwa sikio. Nailoni yote alikataa, na kila kilichofungwa kwa vile vishikizo vya kubandua, vinavyolia krrr, alikirudisha kwa ncha za vidole. Chupa za maji alizitikisa zikiwa na maji nusu, akachagua ya mpira laini inayonywea kadiri unavyokunywa, maji yasipate nafasi ya kucheza. Vidonge vya kusafishia maji alivitaka, ila chupa yake ya kioo hakuitaka; akavihamishia kwenye kifuko cha ngozi palepale kaunta. Bandeji, kamba, filimbi mbili, sawa. Biskuti, karanga za maganda, peremende zenye karatasi, hapana. Tende na nyama kavu, ndiyo. "Chakula kisichojitangaza," alisema.

Mwenye duka alianza akiwa amenuna. Tulipoondoka alikuwa ameweka koti moja sikioni, analisugua, peke yake, nyuma ya kaunta.

Kitu kimoja kilinishangaza. Mama alichukua blanketi la dharura, lile jembamba linalong'aa kama karatasi ya chokoleti, ambalo ukiligusa tu linapiga kelele kuliko mwanawe. Nikamwuliza kulikoni.

"Hili si la kuwindia," alisema, na mara akaona viatu vyenye soli laini, akanisahau.

29 Septemba
Jua. Nguo za msitu nazishona mimi. Tumekata blanketi la sufu la baba mkwe, lile la kijivu. Mama alilishika muda mrefu kabla ya kuupa mkasi wangu ruhusa. Nikaondoa mawazo ya zipu, nikaweka vifungo vya mbao vilivyofunikwa kitambaa. Vipande vilivyobaki nimevishona vifuniko vya soli za viatu.

2 Oktoba
Wingu moja, likaenda zake.

Podo la mishale lilikuwa linalia. Mishale sita ndani ya ngozi ngumu, ukitembea inagongana. Nimelivalisha ndani ngozi ya kondoo yenye manyoya yake, na kila mshale sasa unakaa kama mtoto aliyelala. Kwenye ugwe wa upinde Mama ananifundisha kufunga vishada viwili vya uzi wa sufu. Ugwe ukiachiwa bila vishada unalia kama gitaa. Ukiwa navyo unakohoa tu. Alivuta upinde sebuleni kunionyesha. Ana miaka sitini na kitu na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Mimi ningeweza kumtazama akivuta ule upinde hadi chakula kiungue, na kiliungua.

5 Oktoba
Jua. Kikombe cha chuma nimekishonea koti la sufu, mshono mdogomdogo, uzi mara mbili. Mama alikigonga kwa kijiko. Hakuna kitu. Akakigonga tena. "Aisee," alisema. Kwa Mama hiyo ni hotuba.

6 Oktoba
Jua. Kiberiti. Njiti zikitikisika zinasikika kama njuga. Mama alichukua pamba, akajaza nafasi iliyobaki kisandukuni, akafunga. Akakitikisa: kimya. "Na pamba yenyewe ni ya kuwashia moto," alisema. Kitu kimoja, kazi mbili. Nililala nikiiwaza ile pamba kama mtu aliyependa.

9 Oktoba
Jua. Kishindo amekasirika kwamba saa ya ukutani imesimamishwa ili Mama afanye mazoezi ya kusikiliza. Amechelewa kazini.

13 Oktoba
Mawingu upande mmoja wa anga. Kibali kinaisha mwisho wa mwezi. Nimefanya mtihani wa ngazi na vifaa vyote. Nimefeli.

"Kitu shingoni," Mama alisema. "Chepesi. Sikijui."

Alikwenda kupika chai bila kusema zaidi. Nilikagua kimoja kimoja hadi nikaipata: filimbi ya chuma, kama ya refa, yenye kigololi ndani. Kila mmoja wetu anayo yake kwenye kamba. Ukitembea, kigololi kinacheza. Nilijua cha kufanya. Nilitia pamba kwa sindano ya kufumia, nikaishindilia, nikaongeza tone la gundi ya viatu isije ikachomoka. Yangu, kisha ya Mama iliyokuwa imetundikwa msumarini. Sikumwambia. Nilitaka agundue mwenyewe na kusema aisee.

14 Oktoba
NIMEFAULU. Mama alifungua mlango na kuuliza, "Unashuka lini?" Nilikuwa nimeshashuka, niko nje kwenye kamba ya nguo. Jina langu limeandikwa kwenye kibali.

17 Oktoba
Mawingu. Hakuna.

19 Oktoba
Mawingu. Tone moja kwenye dirisha. Mama alitoka uani kulitazama.

21 Oktoba
MVUA! Ilianza alfajiri, ya taratibu, ikakoma saa nne. Kesho asubuhi tunaingia. Kishindo atatungoja na gari njia inapoishia. Ameapa hatapiga honi wala kutia mguu msituni.

23 Oktoba
Tumerudi jana. Nisipoandika leo nitaandika uongo kesho.

Tuliingia jua likichomoza. Sijui nieleze vipi. Majani yalikuwa laini kama mkeka uliolowa. Mama mbele, mimi nyuma, na hatukusikika. Ndege hawakukatiza walichokuwa wakisema. Nilikuwa nimemwona huyu mwanamke akibishana juu ya bei ya vitunguu, akilalamika kiuno, akiita mwanawe kutoka ghorofani. Kule alikuwa mtu mwingine. Alikuwa anaweka mguu chini kama anayeomba ruhusa. Aliponyoosha mkono kunisimamisha, nilisimama na mguu mmoja hewani, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tangu siku ya harusi. Na harusini viatu vilinibana.

Tukaona paa. Alikuwa ng'ambo ya korongo, anakula. Mama alinionyesha kwa kidole: wewe kaa hapa kwenye jiwe, mimi nateremka. Akaingia kwenye vichaka. Sikusikia hata kijiti.

Nikangoja. Paa aliinua kichwa mara moja, akaondoka kwa mwendo wa kawaida, bila hofu. Nikasema basi, Mama atarudi. Nikangoja tena. Upepo ukaanza kuvuma kutoka nyuma yangu kuelekea korongoni. Kivuli cha jiwe kikahama. Mwanzoni nilimsifu moyoni: tazama mtu anavyojua kutulia. Nikaendelea kumsifu hadi nilipotambua kwamba namsifu kwa sababu naogopa kufikiri kingine.

Nikaita. Kwa sauti ya chini, kisha kwa nguvu. "Mama! Mamaa!" Hakuna. Nikaishika filimbi, nikapuliza.

Ikatoka pumzi tupu.

Nilipuliza tena, kama mjinga, kana kwamba sikumbuki. Kisha nikakaa chini, maana filimbi ya Mama ilikuwa hivyohivyo. Blanketi lile la kelele, "hili si la kuwindia". Filimbi nayo haikuwa ya kuwindia. Ilikuwa ya siku hii. Na mimi nilikuwa nimeiziba kwa mikono yangu, kwa ufundi wangu wote, na gundi juu.

Niliteremka korongoni kwa makalio. Sikujali tena kelele. Nilivunja vijiti, nililia kwa sauti, niliita. Vichaka vilikuwa vizito na njia zote zilifanana. Nyayo hakuna, kwa sababu mimi ndiye niliyemshonea vile vifuniko vya soli vya sufu visivyoacha alama. Kila nilichojivunia mwezi mzima kilikuwa kimemficha. Nilimwomba Mungu anirudishie hata pini mbili zigusane.

Ndipo nikasikia chuma.

Kengee, kengee, kengee. Kimya. Kengee, kengee, kengee. Msituni hakuna kitu kingine kinacholia hivyo. Nilikimbia kuufuata mlio, nikaanguka, nikakimbia.

Mama alikuwa amekaa chini ya ukingo uliomeguka, mgongo kwenye mizizi. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, ameshaufunga: mishale miwili huku, miwili huku, manyoya ya kondoo katikati, bandeji juu, kazi safi ambayo hata hospitali wameisifu. Blanketi la kung'aa lilikuwa mabegani. Alikuwa akigonga kikombe kwa mpini wa kisu, na mapajani mwake kulikuwa na lile koti la kikombe, limekunjwa vizuri, na uzi wake pembeni umezungushwa kwenye kijiti.

"Umechelewa, Fundi," alisema. "Tende zimeisha."

Nilimkumbatia hadi akaguna. Kisha nikaliona lile koti. Halikuwa limechanwa popote.

"Mama, umelifumua?"

"Nililifumua, ndiyo. Kwa ncha ya mshale. Umeshona kwa uzi mara mbili, nimeteseka."

"Kisu unacho mkononi! Ungelichana mara moja!"

Alinitazama kama nimetukana. "Kazi kama hii? Niichane?"

Nililia tena, safari hii kwa hasira. Nilimwambia kwamba mimi nilikuwa nakufa huko juu, na yeye amevunjika mguu anakaa kuhesabu mishono. Halafu nikamwambia ya filimbi. Sikumficha gundi.

"Najua," alisema. "Nimeita, upepo ukala sauti. Nimepuliza nikakutana na pamba. Nikasema, huyu mwanafunzi amezidi mwalimu." Akanipa kikombe nigonge mimi. "Kosa langu pia. Nilikufundisha kunyamaza tu."

Kumpandisha peke yangu haikuwezekana, na kumwacha sikutaka. Tukapokezana kikombe, kengee, kengee. Baada ya muda tulisikia kitu kinakuja kutoka upande wa njia: matawi yanavunjika, zipu, funguo, mtu anapumua kwa mdomo. Alikuwa amechoka kungoja na akavunja kiapo. Tangu niolewe sijawahi kuipenda kelele ya mume wangu kama jana.

"Mnyama gani huyo?" Mama aliuliza, ingawa alishatabasamu.

Kishindo alimbeba mgongoni hadi kwenye gari. Njia nzima Mama alimkosoa anavyokanyaga, na njia nzima alikuwa amemshika shingoni kwa mikono miwili, shavu kwenye bega lake.

25 Oktoba
Mvua kubwa. Mfupa umepasuka, haujavunjika. Mama analala mchana. Nimekaa karibu na kitanda nikishona, na nimeuma meno kila alipogeuka.

28 Oktoba
Mvua. Mwenye duka la vifaa amekuja kumjulia hali. Alimwuliza kama kweli aliita watu kwa kugonga kikombe. Mama akasema, "Mwulize mwenzangu, yeye ndiye aliyesikia."

Nilikwenda jikoni kuchemsha maji yaliyokuwa yameshachemka.

31 Oktoba
Mvua. Kibali kimekwisha leo, paa wetu anaendelea kula. Mama hakuonekana kusikitika. Alitaka kuninong'oneza kitu, akabadili mawazo, akasema kwa sauti: "Fundi, vaa vyote. Panda ngazi."

Nikavaa: koti la kijivu, podo, mkoba, kikombe, ambacho koti lake sasa nimelitia kamba ya kuvuta mara moja likatoka. Nikashuka. Nikaruka mara mbili. Mlango wa Mama ulikuwa umefungwa.

"Umefika?" aliuliza kutoka ndani.

"Nimefika, Mama."

"Sijasikia kitu. Sasa puliza."

Filimbi ni mpya, kigololi kinacheza, na nimekishikiza kwa kifuko kidogo cha sufu kinachovuliwa kwa kidole kimoja. Nikakivua. Nikapuliza kwa pumzi zangu zote. Cherehani yangu iliitikia kule chumba cha mbele. Jikoni Kishindo aliangusha sufuria na kuuliza nani amekufa. Mbwa wa majirani wakaanza, mmoja baada ya mwingine, hadi mwisho wa mtaa.

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fremu, viganja vyote viwili vikiwa vimeziba masikio, na alikuwa anacheka hadi machozi.

"Sasa," alisema, "umefaulu."